Binzari Ukikumbuka

Mteja wangu ni mpishi wa shughuli pale Magomeni, mama wa masufuria makubwa, mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Kazi aliyonipa ilikuwa moja: mtu akitafuta mtandaoni jinsi ya kupika pilau, yeye atokee kwenye kile kisanduku cha jibu kinachokaa juu ya matokeo yote.

"Sitaki kuwa wa kwanza, mwanangu. Nataka kumkalia huyo wa kwanza kichwani."

Kisanduku kina ufundi wake. Swali unaliandika kama watu wanavyoliuliza, na chini yake palepale unaweka jibu la maneno 40 hadi 60, bila salamu wala "katika makala haya tutaangalia". Hatua unazipa namba na kila moja unaifupisha, maana mtambo wa kutafuta unapenda kunyofoa vitu vilivyokwisha pangwa. Nikaenda kukaa jikoni kwake na kompyuta mapajani, yeye anakaanga vitunguu, mimi naandika.

"Mafuta kiasi gani, Bi Mkubwa?"

"Kiasi."

"Na maji?"

"Si utaona mwenyewe!"

Hebu weka "utaona mwenyewe" kwenye jibu la maneno 40. Kila hatua ilikuja na hadithi ya harusi ya mtu, nami nani nimkate mama wa watu? Alifupisha mahali pamoja tu, alipowaigiza wapishi wa siku hizi huku amebinua midomo. Nikaipachika mwisho wa ukurasa, chini ya kichwa "Wanavyoharibu pilau":

1. Koroga mara kwa mara.
2. Funua kila dakika uchungulie.
3. Ukikauka, ongeza maji ya bomba.
4. Binzari ukikumbuka.

Kisanduku tulikipata. Nikampigia picha ya skrini kwa furaha, naye akairusha kwenye magrupu yote ya kina mama. Juu paliandikwa "Jinsi ya kupika pilau", pembeni jina lake, na chini hatua nne. Ndiyo, zilezile. Kichwa cha "Wanavyoharibu" mtambo ulikiacha hukohuko.

Wala si pilau peke yake. Mwaka 2021 ukurasa wa afya wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, ulipatwa na hayohayo: orodha ya mambo ya kutomfanyia mtu aliyeshikwa na kifafa ilitokea juu ya matokeo kama ndiyo maelekezo. Sisi angalau tuliua mchele tu.

Jumamosi simu zikaanza.

"Mama, nimekoroga kama ulivyosema. Sasa mwiko hautoki."

"Hatua ya nne, Bi Mkubwa. Nimekumbuka sasa hivi, wali umeshaiva. Nitie?"

Kuna kaka mmoja alipiga akinong'ona toka bafuni, wakwe wako sebuleni. Bi Mkubwa akamuuliza kama ndani kuna nyama. Ipo. "Basi isage humohumo, upeleke mezani kwa jina la bokoboko. Na usitoke bafuni na sura hiyo."

Mimi nikaizungushia orodha ile alama ya data-nosnippet, ambayo huuambia mtambo kwamba hapa pasinukuliwe. Muda si mrefu kisanduku kikahamia kwa mtu mwingine, simu zikakata. Nikampigia kumpa habari njema.

"Shikamoo Bi Mkubwa. Yamekwisha, hawatakusumbua tena."

"Marahaba. Kumbe ni wewe!" Akavuta pumzi. "Unajua hao watu wakishaunguza, wageni mlangoni, wanamwagiza nani masinia ya haraka? Tena hawaulizi bei. Nirudishie makosa yangu leo hii."

"Lakini Bi Mkubwa, watu wanaharibu mchele..."

"Rudisha. Ukimaliza njoo na kompyuta yako, tuandike ya biriani."