Siku Kikoba Kilipogeuka Kasino

Mke wangu hajawahi kuuelewa ubao wangu. Kwake, ubao wa matangazo ni ule wa ofisi ya serikali ya mtaa, wenye misumari na karatasi zilizopauka. Wangu umo ndani ya laptop chakavu chini ya kitanda, hapa Sinza, na watu huuingia kwa maandishi matupu: unasoma matangazo, unaacha ujumbe, unatoka. Mambo haya yalianzia Chicago mwaka 1978, kazi ya Ward Christensen na Randy Suess, enzi ambazo mtu alipiga simu kwa modemu, kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu, na mmoja akiwa ndani wengine wote wanasubiri laini iachie. Mimi naupenda hivyo hivyo ulivyo. Kwa hiyo daftari la kikoba cha mke wangu liliponyeshewa na masika, nikajitolea kuhamishia hesabu humo. Akina mama wakakubali, shingo upande.

Sasa, kuna rafiki yangu aliniachia Commodore 64, mashine ya mwaka 1982, imevimba kama mkate wa boflo, unaichomeka kwenye TV. Kasheshe ni kwamba haiongei ASCII, yaani ule utaratibu wa kuipa kila herufi namba yake, kama kompyuta nyingine. Ina maandishi yake, PETSCII: herufi 40 kwa mstari badala ya 80, rangi 16, na michoro imejazwa humo humo kati ya herufi. Nikakesha kuufundisha ubao lugha hiyo. Ujanja wa kumtambua mgeni ni huu: akiingia, ubao unamwomba abonyeze kitufe cha kufuta. Kompyuta za kawaida hutuma namba 8 au 127, Commodore hutuma 20. Ubao ukiona 20, unageuza herufi zote kwanza ndipo unazituma. Zisipogeuzwa, herufi kubwa zinasalimika, ila ndogo zinaharibika: a inakuwa shupaza, s inakuwa kopa, z inakuwa uru. Ndiyo, zile zile za karata.

Jumapili kikao cha kikoba kilikuwa kwetu. Mama mkwe naye alikuwepo, amekuja kutoka Tanga. Nikaona leo ndiyo leo, wataona hesabu zao kwenye TV kubwa, na mimi nitaheshimika ukweni. Nikaunganisha. Skrini ya bluu ikauliza: BONYEZA KITUFE CHA KUFUTA.

Kabla sijanyoosha mkono, mwanangu Junior akabonyeza RETURN. Ubao ukaona 13, ukaamua mgeni huyu ni kompyuta ya kawaida, ukamwaga daftari zima bila kugeuza hata herufi moja.

Kikoba ni cha akina mama watupu, na majina yote yanaanza na Mama. Kwa hiyo kila mstari, kuanzia juu hadi chini, ulianza hivi:

M♠╲♠

Halafu kopa, halafu shupaza nyingine. Kiswahili kimejaa a, mwanangu, sikuwahi kujua ni nyingi kiasi kile. Na kwa kuwa tarakimu hazigeuki, kando ya kila msururu wa karata palisomeka bayana: 50,000. 80,000. 120,000.

Sebule ikanyamaza. Mwenyekiti akaweka chini kikombe cha chai.

"Shemeji," akasema, "hela zetu umezitia kwenye mkeka?"

"Hapana, hizo ni herufi tu..."

"Herufi gani zina kopa?"

Mke wangu akaangalia dari. Mama mkwe akavaa miwani, akasogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo, akaanza kupitisha kidole. "Shupaza. Shupaza. Kopa. Uru hii hapa." Akafika chini, akarudi juu. Nikadhani amenielewa. Akageuka.

"Mbona hakuna pao?"

"Mama, pao imekaa kwenye herufi x, na Kiswahili hakina x."

Akanitazama kwa muda, kisha akamgeukia binti yake. "Pakiti isiyo na pao ni ya matapeli. Huyu anachezeshwa."

Mweka hazina ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Amesimama, mkoba kwapani, anataka daftari la karatasi, lililolowa lisilolowa. Nikakata mawasiliano, nikamkabidhi Junior kwa mama yake, nikaingia upya na safari hii nikabonyeza kitufe chenyewe. Ubao ukaona 20. Majina yakatokea safi, herufi moja moja, yanasomeka hadi jikoni. Na kwa kuwa nilikuwa na rangi 16 za kuchezea, walioweka nilikuwa nimewapaka kijani, wanaodaiwa nyekundu.

Nyekundu ilikuwa mstari mmoja tu. Mweka hazina, miezi mitatu.

Mwenyekiti akasoma kwa sauti. Akasoma tena. Mweka hazina akakaa taratibu, akaweka mkoba mapajani.

"Shemeji," akaniambia kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "hebu zirudishe zile karata."