Dawa za afyuni baada ya upasuaji wa mguu: zipunguzwe kwa kiasi gani?

Nchini Marekani, aliyepasuliwa kuondolewa nundu ya mfupa kwenye kiungo cha kidole gumba cha mguu amekuwa akirudi nyumbani na kichupa cha oksikodoni au haidrokodoni, dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, ambazo huweza kuleta uraibu. Upasuaji huo huitwa mdogo, lakini mfupa hukatwa, hunyooshwa na kukazwa kwa skrubu. Huuma sana, kiasi kwamba watengenezaji wa dawa za maumivu huutumia mara kwa mara katika majaribio yao.

Wanaotaka vidonge hivyo vipunguzwe wana hoja nzito. Utafiti wa Kimarekani wa mwaka 2017 ulionyesha kuwa, miongoni mwa watu ambao hawakuwa wakitumia dawa hizo kabla ya kupasuliwa, takriban asilimia 6 walikuwa bado wanazichukua baada ya miezi mitatu. Kinachonishtua ni kwamba waliopasuliwa kidogo na waliopasuliwa sana walikaribiana. Kama maumivu ya kidonda pekee ndiyo yangekuwa sababu, tofauti ingeonekana. Tena vidonge vingi hubaki kabatini, mahali ambapo kijana yeyote wa nyumba hiyo anaweza kuvifikia.

Njia nyingine zipo. Daktari wa usingizi hupiga sindano ya ganzi karibu na neva iliyo nyuma ya goti, na mguu hukaa saa nyingi bila kuhisi kitu. Parasetamoli na ibuprofeni hunywewa kwa saa zilizopangwa, bila kusubiri maumivu yaanze.

Hata hivyo, ganzi huisha. Mara nyingi huisha usiku, mgonjwa akiwa kwake, na maumivu humrudia yote kwa mkupuo. Mwenye vidonda vya tumbo au figo dhaifu hawezi kutegemea ibuprofeni. Dawa mpya ya suzetrijini, iliyoidhinishwa Marekani Januari 2025, huzuia ishara ya maumivu kwenye neva na haiko katika jamii ya afyuni. Katika jaribio la upasuaji huu huu wa kidole gumba ilikishinda kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani, lakini haikuishinda haidrokodoni iliyochanganywa na parasetamoli. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 15.50 kwa kidonge. Ni hatua njema, ila kwa bei hiyo wengi hawataifikia.

Ukali wa kupita kiasi nao una historia. Mwongozo wa serikali ya Marekani wa 2016 kuhusu maumivu sugu ulitumiwa kama amri, wagonjwa wakakatiwa dawa ghafla, na ilibidi urekebishwe 2022.

Kwa sababu hiyo naunga mkono kupunguza, kwa sharti kwamba ganzi na dawa mbadala zitangulie. Vidonge vichache vya siku mbili tatu za mwanzo vibaki kwa atakayezidiwa, na mgonjwa apigiwe simu ganzi inapokaribia kuisha.

Nchi zetu za Afrika zisiichukue kampeni hii ya Marekani ya kupunguza vidonge kama ilivyo. Tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria mwaka 2017 kwamba katika takriban tani 300 za dawa hizi zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini hupata tani 0.1 tu. Uganda ilihitaji miaka mingi ya kazi, kuanzia 1993, kufikisha mofini ya maji, nayo ya jamii ya afyuni, kwa wagonjwa wa saratani majumbani. Hofu iliyoletwa kutoka Marekani ikiwafanya wauguzi waifungie mofini hiyo kabatini, watakaoumia ni wagonjwa ambao hawana sindano ya ganzi wala suzetrijini.