Jaribio Litangulie Nadharia

Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania, kipindi cha fizikia au kemia hufuata mkondo uleule: mwalimu anaandika fasili ubaoni, anaeleza kanuni, anakokotoa mfano mmoja au miwili, wanafunzi wananakili, na muda ukiruhusu jaribio linafanyika mwishoni ili kuthibitisha yale ambayo kila mtu amekwisha kuambiwa. Mara nyingi hata hilo halifanyiki mpaka mtihani wa taifa wa kidato cha nne unapokaribia, ndipo maabara inafunguliwa kwa pupa. Nasema mpangilio huu uko kichwa chini miguu juu, na kwamba kuugeuza kunawezekana hata katika shule isiyo na maabara.

Tuitazame pendulamu, yaani kitu kizito kinachobembea kwenye uzi. Vifaa vyake ni jiwe, uzi wa cherehani, rula na saa inayoonyesha sekunde. Tawi la mwembe au fremu ya dirisha inatosha kuwa kishikizo. Kabla jiwe halijafungwa, kila mwanafunzi aandike peke yake daftarini, kwa kalamu ya wino, majibu ya maswali mawili. Jiwe zito na jiwe jepesi, lipi litabembea upesi zaidi? Na uzi ukifupishwa kwa nusu, muda wa mbembeo mmoja, yaani kwenda na kurudi, utakuwaje? Walio wengi huandika kwamba jiwe zito litakwenda upesi, na kwamba nusu ya uzi itatoa nusu ya muda. Kisha wanatoka nje kupima. Kwa uzi wa mita moja, mibembeo 10 huchukua takriban sekunde 20, liwe jiwe zito au jepesi. Kwa uzi wa sentimita 50 wanatarajia sekunde 10, lakini saa inawapa 14. Hapo ubishi unaanza: wanapima tena, wanashukiana, wanafupisha uzi kidogo kidogo, na hatimaye wanagundua kwamba sekunde 10 hazipatikani mpaka uzi uwe wa sentimita 25, yaani robo ya urefu wa mwanzo. Mwalimu anapoandika ubaoni baada ya hapo kwamba muda hufuata kipeuo cha pili cha urefu wa uzi, anajibu swali ambalo darasa zima limekuwa likiuliza kwa nusu saa.

Liko kosa moja ambalo karibu kila darasa hulifanya, nami nalithamini sana. Wanafunzi huanza kuhesabu "moja" pale pale wanapoachia jiwe, hivyo wakifika kumi wamepima mibembeo 9 tu. Wakikokotoa mchapuko wa uvutano wa dunia, yaani kiasi ambacho kasi ya kitu kinachoanguka huongezeka kila sekunde, wanapata 12 na ushei badala ya takriban 9.8 (mita kwa sekunde, kwa kila sekunde). Mwalimu mwenye haraka atawasahihisha papo hapo. Mwalimu mwenye subira atawaachia kundi lililopata 12 na kundi lililopata 9.8 watafute wenyewe mahali walipotofautiana, kwa sababu kutafuta chanzo cha tofauti hiyo ndiyo sayansi yenyewe.

Kemia nayo haihitaji kusubiri karatasi za litmasi, zile zinazobadili rangi kuonyesha kama kitu ni asidi au ni besi, yaani kinyume cha asidi. Maua makavu ya rozela yakichemshwa hutoa maji mekundu ambayo ni kiashiria kizuri: yakitiwa ndimu hubaki mekundu, yakitiwa magadi hugeuka rangi ya buluu au kijani. Mwanafunzi ambaye nyumbani kwao magadi hutiwa kwenye makande ili yaive upesi anashangaa kukuta kitu hicho hicho kwenye somo la besi. Baada ya hapo kila kundi lilete kitu cha kupima: ukwaju, maziwa mgando, maji ya majivu, dawa ya meno, sabuni ya kufulia. Na kila mara utabiri uandikwe kwanza.

Najua pingamizi litakalotolewa, kwamba darasa lina wanafunzi 70 au zaidi na kipindi ni dakika 40. Pingamizi hilo ni la kweli, wala siamini kwamba ari ya mwalimu peke yake inaweza kulimaliza. Lakini majaribio ya vifaa rahisi ndiyo hasa yanayofaa darasa kubwa, maana mawe na nyuzi havitunyimi makundi 14, ilhali seti moja ya maabara huwafanya wanafunzi watano washike na 65 wachungulie. Ndani ya kundi kila mmoja awe na kazi yake: wa kuachia jiwe, wa kuhesabu, wa kutazama saa, wa kuandika, na wa kueleza matokeo mbele ya wenzake. Majadiliano hayo yaruhusiwe kwa Kiswahili, hata kama maelezo ya daftarini ni lazima yawe kwa Kiingereza, kwa sababu mtoto anayetafuta maneno hawezi wakati huohuo kutetea hoja yake.

Kilicho kigumu kuliko uhaba wa vifaa ni namna tunavyolipokea jibu tusilolitarajia. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Lushoto, aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyatia kwenye friza yakiwa moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Mwalimu wake alimwambia kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliendelea kuchekwa, mpaka alipomuuliza swali hilo Denis Osborne, mhadhiri kutoka Dar es Salaam, ambaye alikubali kwenda kulijaribu. Mwaka 1969 walichapisha pamoja makala katika jarida la kisayansi, na hadi leo wanafizikia wanaendelea kubishana juu ya kile kinachoitwa athari ya Mpemba. Hata kama ubishi huo ungeisha kwa kuonyesha kwamba maji moto hayatangulii kuganda, kijana yule alikuwa ametazama, akauliza na akarudia kupima, na hilo ndilo alilostahili kupewa alama.

Tangu mwaka 2005 mtaala wetu wa sekondari umekuwa ukitaka umahiri badala ya kukariri, na semina zimefanyika nyingi. Ninachokiomba ni kidogo na kinaweza kuamuliwa na mkuu wa shule bila kusubiri waraka: vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, kila wiki kwa kila somo la sayansi kuanzia kidato cha kwanza. Na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anapoingia darasani, pamoja na kukagua andalio la somo, afungue daftari za wanafunzi na kutazama kama zina utabiri, vipimo walivyochukua wenyewe, na majibu yaliyokatwa kwa mstari na kuandikwa upya.