Rocket yangu ina mirija 12, na sioni haya

Bwana mmoja alipiga magoti mbele ya garimoshi langu dogo la mvuke, nakala niliyoijenga ya garimoshi la kale liitwalo Rocket, akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani ya mlango wa sanduku la moto. Akakaa hivyo muda, midomo ikimchezacheza. Nikajua anahesabu. Alipoinuka akajipangusa magoti, akaniambia kwa upole wa mtu anayeleta habari za msiba: "Fundi, umeweka mirija 12. Rocket ilikuwa na 25."

Kweli tupu. Rocket iliyotoka karakana ya mhandisi Robert Stephenson kule Newcastle, Uingereza, mwaka 1829 ilikuwa na mirija 25 ya shaba, kila mmoja kipenyo cha inchi 3, imepita ndani ya boila, yaani pipa la kuchemshia maji, kutoka kwenye moto hadi kwenye dohani. Na mirija hiyo ndiyo iliyoitoa katika kundi la wenzake. Magarimoshi mengi ya kabla yake yalikuwa na bomba moja nene katikati ya maji, au bomba moja lililokunjwa likarudi lilikotoka. Joto jingi lilikuwa likipita tu na kuishia angani. Henry Booth, aliyekuwa mweka hazina wa kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester, ndiye aliyetoa shauri la kuugawa moto upite kwenye mirija mingi myembamba. Kule Ufaransa mhandisi Marc Seguin alikuwa amefikia wazo hilohilo peke yake na kulisajili mwaka 1828.

Kwa hiyo mtu akiniambia nimepunguza mirija, ananiambia nimegusa moyo. Namwelewa. Ila ningeweka hiyo 25 aliyoitaka, siku ile angekuwa amepigia magoti pambo la mezani.

Hesabu yenyewe hii hapa. Gurudumu kubwa la Rocket lilikuwa na kipenyo cha futi 4 na inchi 8½, na hicho ndicho kipimo cha upana wa reli nyingi duniani hadi leo. Langu lina inchi 5, nalo linatembea kwenye reli za upana wa inchi 5. Maana yake kila kitu kimegawanywa kwa 11.3. Boila ya urefu wa futi 6 inakuwa sentimita 16. Mrija wa inchi 3 unakuwa milimita 6.7, mwembamba kuliko penseli. Kwenye karatasi, mambo yamekaa sawa.

Moto lakini hausomi karatasi. Huwezi kuugawa kwa 11.3. Masizi ni yaleyale, chembe ya majivu ni ileile, na hewa ya moto ikiingia kwenye mrija mwembamba hung'ang'ania kuta zake mpaka moto nyuma ukose pumzi. Sisi tunaojenga vitu hivi tuna kanuni moja ya zamani: chukua urefu wa mrija kwa inchi, ugawe kwa kipenyo chake cha ndani kilichozidishwa kwa chenyewe. Jibu likiangukia kati ya 50 na 70, moto utavuta. Mrija uliofuata kipimo halisi unatoa zaidi ya 90. Yangu, ya milimita 10 kwa nje na 8.4 kwa ndani, inatoa 58. Na ya unene huo, nusu ya chini ya boila yangu ilinipa nafasi ya 12. Sikuichagua 12 kwa uvivu.

Hilo la mirija ni moja tu. Ukigawa urefu kwa 11.3, eneo la nje linagawanyika kwa karibu 128, na ujazo kwa zaidi ya 1,400. Ndiyo sababu boila ndogo hupoa upesi, kama kikombe cha maji ya moto kinavyotangulia ndoo kupoa. Rocket ya tani 4 na robo ingepaswa kuwa na kilo 3 tu kwenye kipimo changu. Nimeshindwa kushuka chini ya 5, kwa kuwa bamba la shaba lililogawanywa kwa 11.3 ungelitoboa kwa kidole. Na kioo cha kuonyesha maji ndiyo kichekesho chenyewe. Kioo chembamba kinachopendeza macho huzuia tone la maji katikati, likaning'inia pale, ukadhani boila imejaa kumbe iko karibu kukauka. Changu ni kinene kupita kiasi, kimekaa kama miwani ya mtu mzima kwenye uso wa mtoto. Bwana wa tochi alikitazama pia, ila akaninyamazia.

Basi uaminifu kwa Rocket ni uaminifu kwa kitu gani hasa? Rocket iliyotunzwa makumbusho, iliyofikishwa huko mwaka 1862, si ile iliyoshindana na magarimoshi mengine kule Rainhill, Uingereza, mwaka 1829. Ile ya mwanzo ilikuwa ya njano, dohani nyeupe, silinda zake mbili zimeinama kwa mshazari kama miguu ya panzi. Kwa mkao huo ilitikisika sana kwenye mwendo, wenyewe wakazishusha silinda zikakaribia kulala. Wakabadilisha na sehemu ya mbele, pale dohani inapokutana na boila. Hayo yote ndani ya miaka michache. Stephenson na watu wake hawakuiabudu. Walikuwa na mashine, mashine ikawaonyesha kasoro, wakashika nyundo. Mimi nikifanya hivyohivyo kwenye mirija, najiona nimefuata nyayo zao kuliko yule anayebandika ribiti za bandia, ile misumari ya kuungia mabamba, kwenye boila isiyowahi kuonja moto.

Najua nimechokoza watu. Wapo mafundi wa kuhesabu ribiti ambao mikono yao ni safi kuliko yangu, na kazi zao nikiziona nanyamaza. Lakini garimoshi la mvuke lisilochemka ni sanamu, tuliite hivyo.

Tena ukitaka kuanza, anza na la zamani kama hili. La miaka 100 baadaye limefunikwa, mambo yake yamejificha, na vyuma vya kuendeshea vali peke yake vinaweza kukumalizia mwaka. Rocket iko uchi. Mkono wa pistoni unashika gurudumu moja kwa moja, na ukikaa pembeni unaona kila kinachotokea na kwa nini. Hata kurudi nyuma kwake ni jambo la kuchekesha: visahani vinavyosukuma vali havikufungwa moja kwa moja kwenye ekseli, vimelegea vikisubiri kushikwa na pini. Dereva wa 1829 alikuwa na kanyagio la kuvihamisha. Mimi nalisukuma garimoshi nyuma kwa kidole, pini inadaka upande wa pili, tik, na kazi imekwisha.

Boila ndiyo kazi, mengine ni kukereza vyuma tu. (Hapa mtu wa silinda atanuna. Anune.) Mabamba ya mwisho lazima yakunjwe ukingo ili yaingie ndani ya bomba la boila, na shaba haikunjiki kwa ubabe. Unaipasha mpaka iwe nyekundu ya kufifia, unaichovya kwenye maji, inatoka laini kama ngozi. Unaifunga kwenye jiliwa juu ya kalibu ya mbao ngumu na kuanza kugonga ukingo, pole pole, kwa kuzunguka. Dakika chache sauti ya nyundo inabadilika: ilikuwa ikisema du, sasa inasema ting. Shaba imekuwa ngumu. Ukiendelea kugonga itapasuka. Unarudi kwenye moto. Samaki mkunje angali mbichi, na huyu samaki nilimrudisha ubichini mara sita kwa bamba moja.

Kisha kulehemu. Lehemu ya fedha inayeyuka kwenye nyuzi 600 na kitu, na shaba inapeleka joto kote kama mbea, kwa hiyo ukitaka kuunga mrija mmoja sharti uipashe boila nzima. Nilizungushia matofali ya kuzuia joto, nikapaka dawa ya kulehemia, nikawasha. Kosa langu lilikuwa kuuelekeza moto upande mmoja. Lehemu hukimbilia palipo na joto zaidi, nayo ilikimbia, ikaizunguka mirija ya kulia vizuri kwa rangi ya fedha, ikamwacha wa pili kutoka kushoto, safu ya chini, na njaa. Sikuona. Nilitia boila kwenye beseni la maji yenye asidi ya sitriki, ikatoka ya waridi, nzuri, nikaipiga picha.

Jaribio ndilo lililoniumbua. Boila hujaribiwa kwa maji baridi, kamwe si kwa hewa wala mvuke, kwa sababu maji hayashindiliki: likipasuka jambo, yanamwagika na basi, hayarushi chuma. Unaijaza mpaka pumzi ya mwisho ya hewa itoke, unapampu hadi mara mbili ya presha ya kazi. Sheria za shindano la Rainhill ziliweka kikomo cha pauni 50 kwa inchi ya mraba, nami nimebaki hapohapo, kwa hiyo jaribio langu ni 100. Sindano ya geji ilipanda hadi 60 ikaanza kurudi. Nikazunguka na tochi, safari hii mimi ndiye niliyepiga magoti. Chini ya mrija ule palikuwa na tone moja. Nikalifuta. Likarudi, polepole, bila haraka yoyote. Nilikaa nalo nusu saa nzima. Baadaye nilirekebisha kwa lehemu inayoyeyuka kwenye joto la chini kuliko ile ya kwanza, ili viungo vizima visifunguke, na boila ikashika 100.

Kwenye suala hili la boila sina utani. Badilisha mirija, nenepesha kioo, paka rangi ya zambarau ukipenda, lakini anayewasha boila isiyojaribiwa mbele ya watu sitakaa naye uwanja mmoja. Na viunganishi vyake visiwe vya shaba ya njano: maji ya moto huila zinki iliyomo ndani yake taratibu, chuma kikabaki na sura nzima na nguvu hakina. Tumia bronzi.

Siku ya kwanza kuwasha kuna fumbo ambalo michoro haikuandai kwalo. Mvuke uliokwisha kazi hutupwa juu kupitia dohani, na kutupwa huko ndiko kunakovuta hewa kwenye moto. Moto unahitaji mvuke, mvuke unahitaji moto. Tunatatua kwa feni ndogo ya betri inayokaa juu ya dohani, na vipande vya makaa ya kuni vilivyolala usiku kucha kwenye mafuta ya taa. Presha ikifika 20 unaondoa feni na kufungua kivukuto cha mvuke, na tangu hapo mashine inajipulizia yenyewe.

Hapo ndipo niliporudia kosa la mtu mwingine bila kujua. Nilitoboa ncha ya bomba la kutupia mvuke nyembamba sana, kwa tamaa ya mvuto mkali. Garimoshi lilitembea mita 4, likiwa linakohoa vipande vya makaa vinavyowaka juu ya dohani kama fataki. Moto wote ulikuwa unatokea juu. Sans Pareil ya Timothy Hackworth, garimoshi lililoshindana na Rocket, ilipatwa na ugonjwa huohuo Rainhill, Oktoba 1829: mvuto wake ulikuwa mkali hata ikatupa angani makaa mengi ambayo hayajaungua. Nilikuwa nimeyasoma hayo zaidi ya mara moja, na bado ilibidi cheche itue kwenye shati langu ndipo niyaelewe. Nikapanua tundu kwa keekee, nusu milimita tu, na kikohozi kikageuka pumzi.

Sasa linavuta kitoroli chenye matofali 6. Ukiongeza la 7, magurudumu ya mbele yanateleza mahali pamoja, maana hayo ndiyo pekee yanayosukuma, na kilo zangu 5 hazitoshi kuyakandamiza. Bwana wa tochi alikuwepo nilipojaribu la 7. Alicheka, akaliondoa mwenyewe, kisha akaniuliza kama anaweza kushika mkono wa mvuke. Nikampa. Alikwenda na kurudi mara 9 bila kusema neno juu ya 25.

Kabla ya kuondoka aliinama tena kwenye mlango wa moto, nikadhani anahesabu upya. "Fundi," akasema, "huyu wa pili kutoka kushoto, chini. Mbona anatoa jasho?"

Nimeshamwaga maji na kuweka alama ya chaki. Kesho naifungua.