Kupima mbali kwa kamera mbili: ubao wa draftu hautoshi

Wanaofanya ugezi (kupima tabia za lenzi na mkao wa kamera kabla ya kuzitumia) kwa ubao wa draftu wana hoja. Tangu mtafiti Zhengyou Zhang achapishe mbinu yake mwaka 2000, ubao bapa na picha 20 hivi za pembe tofauti vinatosha kupata upotoshaji wa lenzi (jinsi inavyoipinda picha), chumbani, bila mpima ardhi. Kona za miraba hujaza picha hadi pembezoni. Alama chache za mbali haziwezi.

Tatizo ni namba ya mwisho. Programu ikionyesha kosa la wastani la pikseli 0.2 kati ya kona zilivyoonekana na pale hesabu inapozitarajia, watu hufunga kazi, ilhali namba hiyo inaushuhudia ubao ulioshikwa mita 2 tu kutoka kwenye kamera. Chukua kamera zilizoachana mita 1, urefu wa fokasi (umbali wa lenzi hadi kihisi cha picha) ukiwa sawa na pikseli 2,000. Kitu kilicho mita 100 hupishana pikseli 20 tu kati ya picha ya kushoto na ya kulia, na umbali hukokotolewa kutokana na mpishano huo, hivyo ukikosea pikseli moja umekosea mita 5. Kwenye mita 200, pikseli hiyohiyo ni mita 20, maana kosa hukua kwa mraba wa umbali.

Na pikseli moja hupotea kirahisi mno: kamera moja igeuke nyuzi 0.03 tu. Boriti ya alumini ya mita 1 inayobeba kamera hizo, nene sentimita 5, uso wake wa mbele ukipigwa jua ukauzidi wa nyuma kwa nyuzijoto 1, hujipinda karibu kiasi hicho. Ubao uliopigwa picha kivulini hautakwambia. Fokasi nayo ina lake: lenzi ya kawaida ya milimita 50 ikilengwa mita 2 husogea mbele takriban milimita 1.3, yaani asilimia 2.6. Irudishe kulenga mbali bila kurudia ugezi, na mita 100 zitasomeka karibu 103.

Kwa hiyo ubao uachiwe upotoshaji wa lenzi, fokasi ikiwa imefungwa palepale itakapofanyia kazi, na ubao uwe mkubwa ili usomeke kutoka mbali zaidi. Pembe kati ya kamera zitafutwe kwa alama za mita 50 hadi 300 zilizopimwa kwa leza, asubuhi, kabla hewa ya moto haijazichezesha. Pasipo alama, nyota zinatosha: picha zikishanyooshwa kwa hesabu kana kwamba kamera zinatazama sambamba, nyota haipaswi kupishana hata kidogo, na kinachobaki ndicho kosa la pembe. Kamera zipige kwa wakati mmoja, kwani nyota huweza kusogea pikseli 0.15 kila sekunde. Alama mbili tatu zisiingizwe kwenye hesabu. Hizo ndizo za kuhakikia, tena baada ya kila safari ya mtambo.