Nguva wa Lamu asingoje sanamu

Mwaka 1857 bunge la jimbo la Ohio, huku Marekani ninakoishi siku hizi, lilipelekewa mswada wa kuwalinda njiwa wa porini waitwao passenger pigeon. Kamati ya Seneti ikautazama, ikasema njiwa hawa hawahitaji ulinzi: wanazaana kupita kiasi, na misitu ya kuwalea ipo tele. Wasingeitwa wajinga. Njiwa hao walikadiriwa kuwa bilioni tatu hadi tano. Mwaka 1813 mchoraji wa ndege John James Audubon alikuwa njiani kwenda Louisville, kando ya mto huu huu wa Ohio, likapita juu yake kundi lililoziba jua, na likazidi kupita kwa siku tatu. Nani angemwambia mtu wa zama zile kwamba ndege hao wataisha, akaeleweka?

Wakaisha. Tarehe 1 Septemba 1914 wa mwisho wao, jike aliyeitwa Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Mzoga wake uligandishwa ndani ya bonge la barafu ukapelekwa Washington kukaushwa. Februari 1918, katika bustani hiyo hiyo, akafa Incas, kasuku wa mwisho wa Carolina aliyekuwa akifugwa. Leo pana kibanda cha kumbukumbu, na nje yake sanamu ya Martha. Watoto wanapigwa picha hapo upesi upesi, kisha wanakimbilia kwa kiboko. (Mji huu una wazimu na kiboko mmoja aitwaye Fiona, aliyezaliwa njiti mwaka 2017, fulana zenye picha yake zinauzwa. Nikiwaambia wenzangu kazini kwamba kwetu, kule Mpeketoni, kiboko ni yule anayetoka ziwani usiku akala shamba la mtu, wanadhani natia chumvi.)

Nayataja haya kwa sababu ya neno ninalolisikia kila nikipiga simu nyumbani. Mimi ni mtu wa Langoni, Lamu mjini, lakini ami yangu ni mvuvi wa Kizingitini, na tukifika kwenye habari za nguva au kasa hunijibu, "Mwanangu, bahari haiishi. Watu ndio wanaoisha." Nampenda ami yangu na sibishani naye kwenye simu. Lakini hilo ndilo neno la Seneti ya Ohio, neno kwa neno, ila limevaa kikoi.

Watu hudhani mnyama huisha kwa sababu wanadamu wa mahali fulani wana roho mbaya. Ohio haikuwa hivyo. Njiwa walikuwa wakiwindwa tangu zamani, na Wahindi Wekundu waliwala karne nyingi bila kuwamaliza. Kilichobadilika ni reli na telegrafu. Telegrafu ilitangaza kundi limetua wapi, reli ikawaleta wawindaji na kuondoka na mapipa ya nyama kwenda miji mikubwa kabla haijaoza. Misitu nayo ilikuwa inakatwa: Ohio ilikuwa msitu kwa karibu asilimia 95, na mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imebaki takriban sehemu moja ya kumi. Tumbo la mtu halikuongezeka ukubwa, soko ndilo lililoongezeka.

Sasa tazameni kwetu. Wazee wa Kibajuni walimvua kasa kwa taza, yule samaki mwenye kunata: anafungwa kamba mkiani, anaachiwa majini, anamganda kasa tumboni, mvuvi anavuta polepole asije akabanduka. Ni kazi ya ustadi, na kwa siku nzima huenda usipate kitu. Leo pana jarife, ule wavu mkubwa wa nailoni, mashine nyuma ya boti, barafu, na mnunuzi anayengoja ufukweni simu mkononi. Jarife halihitaji ustadi huo. Unalitega jioni, unalala, na lenyewe halichagui. Papa huingia, kasa huingia, na nguva huingia. Nguva si samaki, anavuta hewa kama mimi na wewe, na akinaswa chini usiku kucha hawezi kupanda juu kupumua. Asubuhi mvuvi anakuta amekufa. Hakumtaka, na huenda jarife lake limepasuka, hasara juu ya hasara.

Mnyama huyu hana uwezo wa kufidia. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na kwa kawaida hukaa miaka mitatu hadi saba ndipo azae tena. Desemba 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, liliwaweka nguva wa pwani ya Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka: wakubwa wa kuweza kuzaa hawafiki 250, na wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Kwa Kenya, maji ya Lamu kupanda hadi Kiunga ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki. Alikuwapo jamaa yake mkubwa kule kaskazini mwa Pasifiki, ambaye mtaalamu wa viumbe Georg Steller alimkuta mwaka 1741. Mabaharia walimla, na kufikia 1768 alikuwa amekwisha. Miaka 27 tu.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu limeshakuja: wazungu wamalize wa kwao, kisha wewe uliyehamia kwao utufundishe? Nusu ya jibu hilo ni kweli. Mvuvi wa Kizingitini siye aliyechimba mkondo wa bandari pale Manda na kuyatia maji matope juu ya majani ya bahari anayokula nguva. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliona hivyo pia, ikaamuru wavuvi zaidi ya elfu nne walipwe shilingi bilioni 1.76. Na kuna jambo watu wa Lamu walilifanya ambalo huku bado linawashinda: Juni 2019 mahakama ya mazingira ilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, baada ya watu wetu kusimama. Mto Ohio hadi leo una mitambo ya makaa kandokando. Hapo sisi ndio wa kufundisha.

Nusu ya pili siikubali. Huku waliharibu, kisha baadhi ya vitu wakavitengeneza kwa sheria inayofuatwa. Kulungu walikuwa wamekwisha Ohio mwaka 1904. Sasa wanakuja kula maua mbele ya nyumba tunayopanga, na majirani wanawalaani. Tai mwenye kichwa cheupe alikuwa na jozi nne tu za kutaga jimbo zima mwaka 1979. Dawa ya wadudu ya DDT, iliyokuwa ikiharibu mayai yao, ilikuwa imeshapigwa marufuku mwaka 1972, viota vikalindwa, na mwaka 2020 vilihesabiwa 707. Jirani yangu hatupi ndoana mtoni bila leseni, na leseni hiyo anaijua kwa sababu askari wa wanyamapori kweli hupita kuiuliza. Kwetu sheria ya wanyamapori ya 2013 ni kali kwelikweli kwenye karatasi. Baharini usiku hayupo wa kuiuliza.

Nilimwuliza ami, mbona wasiache kutega jarife pale penye majani. Akanijibu, "Nani atanilipia jarife nikilikata kumwokoa nguva? Wewe?" Hilo ndilo swali la maana kuliko yote niliyosikia kuhusu jambo hili, na kaunti ingefaa ilijibu kwa fedha. Lakini mimi nimelichukua kama lilivyoulizwa. Sisi tulio nje tunachanga harusi, tunachanga msikiti, tunachanga kusafirisha maiti. Nimependekeza kwenye kundi letu tuweke fungu: mvuvi akikata jarife nguva akatoka hai, alipwe jarife jipya. Wengi wamekubali. Mweka hazina bado anataka aambiwe risiti ya nguva itasainiwa na nani.