Taa nane za testa si ushahidi

Fundi wa mtandao akimaliza kukrimpu kebo, yaani kubana vichwa kwenye ncha zake, anachomeka testa ya kupimia waya, taa zinawaka kutoka ya kwanza hadi ya nane, anapokea pesa zake na kwenda. Wiki hiyo hiyo mwenye saiba pale Kondele, Kisumu, anaanza kupigia simu kampuni ya intaneti: mtandao unasumbua, video zinakwama, fomu za wateja haziendi. Anaambiwa apande kifurushi cha juu zaidi. Anapanda, analipa zaidi kila mwezi, na shida iko pale pale. Hili linaniudhi kwa sababu anayelipia kosa ni yule asiye na namna ya kulijua.

Testa ile ya bei nafuu inajibu swali moja tu: waya ulioanzia pini ya 1 (nafasi ya kwanza kati ya nane kwenye kichwa cha kebo) umefika pini ya 1 upande wa pili? Itakuonyesha waya uliokatika au uliovuka, na hilo nalikubali. Haiwezi kukuonyesha waya upi umesokotwa na upi.

Na msokoto ndio kila kitu. Ndani ya kebo mna jozi nne. Nyaya mbili za kila jozi hubeba ishara moja, ila katika waya mmoja huwa kinyume cha ilivyo katika mwingine. Kelele ya stima ikiingia, huzipata zote mbili karibu sawasawa. Poti inayopokea, yaani tundu linaloingia kebo, huchukua tofauti kati yao, na kelele inajifuta. Kuna mafundi wanaozipanga jozi zikifuatana tu: machungwa, kijani, buluu, kahawia. Ncha zote mbili zinafanana, testa inaridhika. Lakini poti ya Mbps 100 (megabiti 100 kwa sekunde) hutumia pini 1 na 2 kwa upande mmoja wa mazungumzo, 3 na 6 kwa upande wa pili. Kwa mpango huo, pini ya 3 iko kwenye jozi ya kijani na ya 6 iko kwenye ya buluu. Ishara moja imetenganishwa katika misokoto miwili, na kelele haijifuti tena. Kebo ya mita mbili huenda ikavumilia. Ya mita thelathini iliyopita darini kando ya waya wa stima inaweza kupoteza pakiti, vile vipande vya data, mchana kutwa.

Mpango sahihi unaotumika sana huitwa T568B, na kutoka pini ya 1 ni: nyeupe-machungwa, machungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani kinairuka buluu kwa sababu pini za katikati, 4 na 5, zilikuwa za laini ya simu ya mezani.

Kabla ya kulaumu kampuni, na kampuni nazo zina makosa yao, pima kebo yako. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika ping -n 100 -l 1400, amri ya kutuma pakiti 100 na kungoja majibu, kisha anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Kwa waya, kusipotee hata pakiti moja. Zikipotea, tatizo limo ndani ya jengo lako. Kisha andika netstat -e, uangalie kama makosa yanaongezeka. Tazama pia kasi ya poti: kama swichi (kisanduku kinachounganisha kompyuta) na kompyuta zote ni za gigabiti, yaani Mbps 1000, na unaona Mbps 100, huenda kuna jozi isiyofika vizuri, maana gigabiti huhitaji zote nne.

Kwangua waya kwa wembe ukinunua kebo. Ukiona rangi ya fedha ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, iache dukani. Na kebo ya shaba isipite nje kutoka jengo hadi jengo, kwa radi hizi za Kisumu na Kakamega. Radi ikipiga karibu, inaweza kuua poti pande zote mbili.

Ukikuta jozi zimetenganishwa, usinunue kebo mpya. Kata ncha zote mbili, panga upya, usifungue msokoto zaidi ya milimita 13, na hakikisha ganda la nje limeingia ndani ya kichwa cha RJ45, kile cha plastiki kwenye ncha ya kebo, ili kibano kilishike ganda lenyewe. Kisha rudia ping, fundi akiwa bado hapo.